Goti la Kushoto la Ésaïe

Ukimtafuta Mama Godelive katika komini ya Mulekera, kule Beni, usiulize njia. Simama, vuta pumzi, fuata pua. Anauza makayabu, yale masamaki ya chumvi yanayotufikia yakiwa magumu kama mlango wa kanisa, na harufu yake inakusalimia kabla ya mwenyewe. Jumapili anaimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia. Wanaosimama karibu naye wanamwomba Mungu nguvu mbili: ya kuimba na ya kupumua.

Ni mjane. Alitoka Lubero akiwa bibi-arusi, na mumewe akafariki mapema, akimwachia kijana mmoja tu, Ésaïe. Mwaka ule shule zilipofungwa kwa ajili ya Korona, Ésaïe alikwenda Manguredjipa kuchimba dhahabu. Alisema atarudi kabla ya Noeli. Watu wa kartie, majirani zake, walitania kwamba hakusema Noeli ya mwaka gani, mpaka utani wenyewe ukaanza kunuka kuliko makayabu, wakaacha.

Hapakuwa na maiti, wala habari. Wenzake waliorudi walileta kila mmoja hadithi yake: shimo lilianguka, hapana, alihamia shimo lingine, hapana, alionekana kwenye njia ya Mambasa akiwa amenenepa. Mtu asiye na maiti ni kazi ngumu kwetu. Huwezi kumlilia, huwezi kumgombeza. Parokiani, wakati wa kusoma nia za misa, Mama Godelive humwandikisha Ésaïe kila mwezi pamoja na wasafiri. Siku moja katekista alimsoma kati ya marehemu, kwa makosa au kwa huruma, hatujui. Mama alimpigia kelele mbele ya sakristia hadi akamrudisha safarini.

Tena kulikuwa na komunike. Kila wiki redio ilisoma tangazo lake, kati ya mbuzi aliyepotea na diploma iliyoangushwa sokoni: familia ya Mama Godelive, muuza makayabu wa Mulekera, inamtafuta kijana Ésaïe, aliyetoweka akitokea Manguredjipa. Alivaa jaketi la kijani. Ana kovu kwenye goti la kushoto. Mwenye habari apige namba hii. Miaka ilipita, watangazaji walibadilika, komunike ikabaki. Nadhani kuna watu wa Beni wanaolijua goti la Ésaïe kuliko Sala ya Bwana.

Halafu, kabla ya mvua za Agosti, akafika motari mmoja wa Butembo, mbeba abiria, jina lake Kitsa. Alizima pikipiki mbele ya meza ya samaki na kuvua kofia ya chuma kama mtu anayeingia kwenye msiba.

"Mama, weye njo Godelive?"

"Kama unataka makayabu, ndiyo. Kama unatafuta kodi ya soko, Godelive alikufaka."

Kitsa hakucheka. "Niko na dada yangu Rébecca, anashonaka manguo kule Bulengera. Iko na katoto kake, Jemima, miaka ine. Tangu Pasaka kale katoto kanasema Rébecca hapana mama yake."

"Batoto bote banasemaka vile ukibanyima beignet ya chai."

"Anasema mama yake anauzisha makayabu Mulekera. Anaitwa Godelive." Motari alishusha sauti. "Anasema alikuwaka mwanaume, Mama. Anasema: miye Ésaïe."

Mama Godelive aliwafunika samaki wake kwa kiroba, akapanda nyuma ya pikipiki bila kuuliza bei. Hilo peke yake lilitutisha sisi tulioliona.

Alipofika Bulengera, kule Butembo, watu walikuwa wamejaa uani kwa Rébecca. Jemima alisimama mlangoni, mdogo hata kwa miaka yake, vaseline inang'aa usoni. Hakukimbia, hakujificha nyuma ya sketi ya mtu. Alimwangalia mgeni kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akasema: "Mama, umekawia."

Kisha, kwa sauti ya utulivu ambayo si ya mtoto wa kucheza vumbini: "Nilitoweka. Nilivaa jaketi la kijani."

Rébecca alikuwa amelia mpaka macho yamevimba, kwa kuwa si kitu kidogo mtoto uliyemzaa kukuita "shangazi" kila asubuhi. Alimvuta Jemima na kupandisha upindo wa gauni lake. Kwenye goti la kushoto palikuwa na alama ya kuzaliwa, nyeusi, yenye umbo la kidole gumba, kana kwamba mtu alikuwa amembonyeza pale kabla hajakauka.

Uani ukapita mguno mmoja tu. Jirani alijifanyia ishara ya msalaba, na kuku akapita katikati bila heshima yoyote.

Mama Godelive aligusa ile alama. Aliketi juu ya benchi, mtoto akapanda mapajani mwake na kujilaza kifuani, kwenye kitenge chenye miaka ya chumvi na samaki ndani yake. Hakukunja pua. Walikaa hivyo mpaka jua likapungua, na yule mama, ambaye tunamjua kwa kusema hata akiwa amelala, hakutoa neno.

Aliporudi Beni, shemeji yake Melchior alikuwa anamngoja. Melchior ni mdogo wa marehemu mumewe, mtu mwema mwenye akili ya moja kwa moja kama msumari.

"Sasa tunajua," alisema. "Mutu hawezi zaliwa mara ya pili kama hajakufa mara ya kwanza. Tutafanya matanga, Mama. Ésaïe apumzike. Na weye upumzike."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Wengine walisikia katika ile habari muujiza, mtoto aliyepotea amerudi. Melchior alikuwa amehesabu vizuri zaidi yao. Kama Jemima ni Ésaïe, basi Ésaïe amekufa. Mama atamtoa kati ya wasafiri, atanyoa nywele, atakaa chini kwenye mkeka, na komunike itanyamaza.

Padri aliulizwa. Alisema Kanisa halina mafundisho ya namna hiyo, roho haichukui tiketi ya kwenda na kurudi. Melchior alimjibu kwa adabu kwamba yeye haulizi habari ya kurudi, anauliza ya kwenda tu. Siku ya matanga ikapangwa, ndizi za kutengenezea pombe zikafukiwa. Mama Godelive hakukubali wala hakukataa, na kwetu, pombe ikishaanza kuchacha, kutokataa ni kukubali.

Mtu aliyeingia katikati ni Gaëlle. Ni mwenyeji wa Kisangani, aliyetumwa Butembo kufundisha saikolojia chuoni. Mimi mwenyewe nilimsikiliza darasani, kabla chuo na mimi hatujaachana kwa amani. Kwa miaka kadhaa amekuwa akiwafuata watoto wanaosema walishaishi. Wapo, wengi kuliko unavyodhani, hasa sehemu zilizoona vifo vingi. Watu wanamuuliza kila mara: unaamini au huamini? Ana tabia mbaya kuliko zote mbili: anauliza.

"Kazi yangu ndogo," alimwambia Melchior. "Mtoto anasema jambo. Mimi ninatafuta kama aliweza kulisikia mahali fulani. Nikikosa mahali, nitaandika kwamba nimekosa."

"Donc Madame anaomba roho kitambulisho, carte d'identité," Melchior akasema.

"Hata photocopie inatosha, Papa."

Alianza na picha. Alizitandaza mezani kwa Rébecca picha za vijana kadhaa, mmoja wao Ésaïe, akamwomba Jemima aonyeshe: "Wewe ni nani hapa?" Mtoto hakusita. Alichukua picha ya kijana asiyejulikana na mtu yeyote pale, aliyevaa jaketi la kijani. Ya Ésaïe, katika shati jeupe la komunyo, aliisukuma pembeni kama ganda la karanga.

"Unaona?" Gaëlle alisema.

"Ninaona," Melchior akajibu. "Weye Madame, bila kioo, ungejua sura yako? Mutu anaonaka nguo yake. Sura yake banaonaka bengine."

Gaëlle alikiri kwamba hilo ni jibu zuri. Melchior alifurahi siku nzima. Lakini yule mwanamke alikuwa ameshikwa na kitu kingine, na alikisema taratibu, akimwangalia Mama Godelive, si Melchior.

"Neno moja linanisumbua. Mtoto anasema *nilitoweka*. Fikiria mtu aliye ndani ya shimo, au njiani, au popote. Yeye anajua aliko. Anaweza kusema nilianguka, niliumia, nilikufa. Hajawahi kutoweka hata dakika moja. Anayetoweka anatoweka machoni pa wengine. Hiki anachokumbuka Jemima si kumbukumbu ya aliyepotea. Ni ya anayemtafuta."

Mama Godelive aliangalia mikono yake.

Rébecca aliapa kwamba nyumbani mwake hakuna redio, ile ya zamani ilikufa na mtoto hajawahi kuigusa. Ilikuwa kweli. Lakini cherehani yake iko barazani, na ukuta kwa ukuta na baraza ile kuna mashini ya kusaga ya Baba Lusenge. Pale, kila siku ya kazi, Jemima anakaa juu ya magunia ya mahindi ili asimsumbue mama yake. Baba Lusenge anasikiliza redio wakati anasaga. Kwa sababu mashini ina kelele, redio ameifungua mpaka mwisho. Kwa hiyo husikii redio wala husikii mtu, unaona midomo tu.

Gaëlle aliomba tukae mle ndani siku ya komunike: yeye, Rébecca, Melchior, Mama Godelive na mimi niliyebeba viti. Jemima alipanda kwenye gunia lake. Mashini ilinguruma, unga ukaruka, na baada ya muda mfupi sote tulikuwa weupe, nyusi na kope, kama watu waliokwisha kuzikwa wakaja kusikiliza wanavyosemwa.

Mkanda wa mashini ukateleza, kama kawaida yake. Baba Lusenge alizima ili aurudishe. Katika ukimya ule sauti ya redio ilitoka ghafla, kubwa, karibu sana, kana kwamba mtangazaji alikuwa ndani ya gunia mojawapo.

*Familia ya Mama Godelive, muuza makayabu wa Mulekera…*

Jemima hakugeuza kichwa. Alikuwa anafunga na kufungua kamba ya gunia. Lakini midomo yake ilikuwa inatembea. Mwanzoni ilifuata sauti. Halafu ikaenda sawa nayo. Halafu, na hili nililiona kwa macho yangu yaliyojaa unga, ikaitangulia.

"…kwenye goti la kushoto," alisema mtoto.

*…kwenye goti la kushoto,* ikasema redio.

Rébecca alitoa sauti ndogo. Baba Lusenge alisimama na mkanda mkononi. "Kila wiki banasoma ile?" aliuliza. "Miye hata sisikiake tena. Bantu ba kupotea beko bengi, ni kama mvua juu ya mabati."

"Yeye alisikia," Gaëlle akasema.

Nilidhani mambo yameisha. Sikumjua Melchior. Alijipangusa unga usoni, akabaki na mistari kama pundamilia, na akasema bila hasira: "Na kama ni Ésaïe kweli? Banasoma jina yako kwa redio, banasema mama yako anakutafuta. Hautasikiliza? Hautashika maneno kwa kichwa? Na ile alama, Madame? Redio njo iliandika alama kwa muguu ya mutoto?"

Swali lilikaa pale katikati ya unga. Gaëlle alivuta kiti, akaketi mbele ya Mama Godelive, magoti kwa magoti.

"Mama, nikuulize jambo moja tu. Katika ile komunike, kuna kitu ambacho si kweli?"

Kabla ya siku ile sikuwahi kuona mtu akiulizwa swali na kuzeeka papo hapo. Mama Godelive alimwangalia Jemima, aliyekuwa ameshuka kwenye gunia na kuja kujibanza kwenye mapaja yake. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Angeweza kusema hapana. Angepata mtoto wa kumwita mama, matanga yake, usingizi wake. Sote tulimwona akivipima.

"Goti," alisema mwisho.

"Goti nini, Mama?" Melchior akauliza.

"Ésaïe hapana na kovu kwa goti. Ya kushoto hapana, ya kuume hapana."

Akaeleza, sauti ikiwa chini kabisa. Mwaka wa kwanza wezi walipiga simu. Tuko na kijana wako, tuma pesa. Walijua jaketi, walijua Manguredjipa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameyatoa redioni. Alituma mara moja tu. Ndipo akaongeza goti. Atakayepiga simu na kutaja goti ni mwongo, atamkatia. Alama ya kweli anaijua yeye aliyemzaa, na hajaitamka mbele ya mtu.

"Basi kwa nini ulinyamaza, siku ile uliona mutoto?" Melchior alikuwa karibu kulia. "Pombe iko tayari, Mama!"

"Bale ba simu, kila mutu alitaka kitu. Huyu alitaka tu kukaa kwa mapaja." Alipangusa unga kwenye nywele za Jemima. "Na niliogopa. Nilijiuliza: pengine mutu akifa njo anashika ile alama bantu banamutangazia. Pengine miye njo niliandika goti yake."

Gaëlle hakuandika hilo. Nilimwona akifungua kalamu na kuifunga.

Jemima alijikuna goti. "Lakini linauma," alisema.

Matanga yakafutwa. Pombe ya Melchior haikufutwa, tuliinywa kwa heshima ya mtu ambaye hajafa rasmi, na Melchior mwenyewe alilewa mapema akaomba msamaha kwa kila mtu, hata kwa padri ambaye hakuwepo. Mama Godelive alimuuliza Gaëlle: donc mutoto wangu iko muzima? Gaëlle akamjibu kwamba yeye amesema tu kuwa huyu mtoto siye. Mama alisema hiyo inatosha, akamwekea makayabu makubwa mawili katika mfuko wa kazi. Mpaka leo mfuko ule hauingii darasani.

Jemima alianza kumwita Rébecca mama tena, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Baba Lusenge alihamisha redio. Ingeishia hapo, na ningekuwa nimekuandikia habari nzuri ya sayansi.

Lakini Gaëlle, akiwa ameshaona njia, alianza kuwauliza wenzake wa sehemu nyingine. Kule Lubero kukatokea mvulana mmoja. Njia ya Oicha, msichana. Kila mmoja karibu na redio ambayo watu wazima hawaisikii tena, na kila mmoja alisema kwa ule utulivu: nilitoweka. Yule mama alikuwa amempanda kijana wake hewani wiki baada ya wiki, na kijana alikuwa anachipuka jikoni kwa watu, ndani ya watoto waliokaa kimya wakati wa komunike.

Watu walimshauri Mama Godelive aiondoe komunike. Alikataa: akinyamaza yeye, nani atamtafuta? Akawa anakwenda kuwaona watoto hao. Hapo ndipo nilipomjua vizuri. Alipanda pikipiki yoyote, akavuka vizuizi vya askari, akafunguliwa mlango na mama mwenye hofu, akamwinamia mtoto na kuuliza: alama yako iko wapi? Mtoto akisema goti, Mama Godelive alicheka kwa sauti, akamkumbatia, akampa biskuti. Alirudi Beni akiimba. Kila mtoto mwongo alimwongezea Ésaïe siku za kuishi.

Mwezi uliopita Kitsa alisimamisha tena pikipiki mbele ya meza ya samaki. Alitoka mbali, nyuma ya Manguredjipa, kwenye kambi moja ya wachimbaji ndani ya msitu. Kule kuna katoto ka kiume kanakosema mama yake ni Godelive wa makayabu.

"Anasema goti?" Mama aliuliza, tayari anatabasamu, tayari anatafuta biskuti.

"Hapana, Mama. Hasemi goti." Kitsa alizungusha kofia mikononi. "Na kule redio hapana. Milima inafunga. Hata telefone haishike. Mutoto anaonyesha hapa…"

"Nyamaza!"

Mkono wa Kitsa ulikomea hewani, nusu njia. Mama Godelive alikuwa amefumba macho na kugeuza uso, kama mtu aliyerushiwa maji. Hatujui mkono ule ulikuwa unaelekea wapi. Tulitamani kujua, na tuliona aibu kutamani.

Gaëlle alipiga simu akasema yuko tayari kumsindikiza, leo, kesho, siku atakayotaka. Melchior alisema vilevile. Mama anawashukuru wote wawili. Anasema wangoje kidogo, barabara ya Manguredjipa ni mbaya wakati huu, mvua, matope, tena usalama.

Na barabara ni mbaya kweli, kwa hiyo hakuna anayeweza kumbishia.